Young Thug: kutoka Jonesboro South hadi kesi ndefu kuliko zote Georgia (uzi mrefu)

Wakuu, salaam.

Kila jina la rapa wa Marekani Young Thug likitajwa, watu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema ni muuaji aliyenunua uhuru kwa hela ya mawakili, na wapo wanaosema alionewa bure, serikali ilikuwa na chuki na marapa tu. Mimi kesi hii nimeifuatilia tangu alipokamatwa Mei 2022. Vikao vilikuwa vinarushwa mubashara, na kwa saa zetu vilianza alasiri na kumalizika karibu na usiku wa manane, kwa hiyo mashahidi, mawakili na majaji nimewaona kwa macho yangu.

Sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Waendesha mashtaka walikuwa na mambo mazito mkononi. Watu walikufa, na familia zao zilistahili majibu. Ila walitaka kubeba kila kitu kwa mkupuo mmoja, mpaka nyimbo, na mwisho wakajikwaa wenyewe.

Nianze na alikotoka, maana bila hapo kesi haieleweki.

ALIKOTOKA

Jina lake halisi ni Jeffery Lamar Williams, kazaliwa Atlanta tarehe 16 Agosti 1991, mtoto wa kumi kati ya kumi na mmoja. Kakulia Jonesboro South, nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini kusini mwa jiji, ambazo baadaye zilibomolewa. Aliyemfungulia mlango ni Gucci Mane, aliyemsaini mwaka 2013 kwenye lebo yake ya 1017. Mwaka 2014 ikatamba Stoner, kisha Lifestyle akiwa na Rich Homie Quan na Birdman kwa jina la Rich Gang, na hapo Marekani yote ikamjua.

Kilichomtofautisha ni sauti. Wenzake walikuwa wanashindana kwa maneno, yeye akaifanya sauti yenyewe kuwa ala. Ndani ya ubeti mmoja anabana pua, anapiga ukelele, ananong'ona, anakata neno katikati na kulimalizia mdundo ukiwa umeshapita. Wakongwe walilalamika kwamba haeleweki anasema nini. Leo msikilize Gunna au Lil Baby, utasikia wazi shule waliyosoma.

Mwaka 2015 alitoa Barter 6. Awali alitaka kuipa jina la mfululizo wa Lil Wayne, Tha Carter, Wayne akachukia na bifu likawaka. Aprili mwaka huo mabasi ya ziara ya Wayne yakamiminiwa risasi Atlanta. Likumbukeni tukio hili, liliibuka tena mahakamani miaka saba baadaye.

Mwaka 2016 ikaja Jeffery, ile ambayo kwenye jalada amevaa gauni refu la mbunifu wa Kiitaliano Alessandro Trincone. Rapa wa kitaa, tena wa Atlanta, ndani ya gauni! Kwa watu wengi jalada lile lilikuwa gumzo kuliko nyimbo zenyewe. Februari 2019 akapata Grammy kama mmoja wa waandishi wa This Is America ya Childish Gambino, wimbo wa kwanza wa rap kushinda tuzo ya Wimbo wa Mwaka. Mwaka huohuo So Much Fun ikashika namba moja Billboard, na 2021 akaweka mbili nyingine kileleni: Slime Language 2 ya lebo yake, na Punk.

Lebo hiyo ndiyo YSL, Young Stoner Life, iliyokuwa chini ya 300 Entertainment. Kwa mashabiki YSL ni lebo. Kwa waendesha mashtaka wa kaunti ya Fulton, YSL ni genge lililoanzishwa mwishoni mwa 2012, lenye uhusiano na Bloods, genge kubwa la Marekani. Herufi tatu hizo ndizo zilizobishaniwa miaka miwili na nusu.

MASHTAKA

Tarehe 9 Mei 2022 polisi waliizingira nyumba yake Buckhead, Atlanta. Hati ya mashtaka ilikuwa na kurasa 88, washtakiwa 28, makosa 56. Ndani yake mlikuwa na mauaji, kujaribu kuua, uporaji wa magari, dawa za kulevya na bunduki. Zito kuliko yote lilikuwa mauaji ya Donovan Thomas, Januari 2015, ambayo serikali ilisema ndiyo yaliyowasha vita vya mitaani kati ya YSL na kundi la YFN. Risasi za mabasi ya Lil Wayne nazo ziliingizwa humo.

Hapa naomba tuelewane, maana watu wengi wanakosea: Young Thug mwenyewe hakushtakiwa kwa kuua. Kuhusu kifo cha Thomas, serikali ilidai kwamba gari lililotumika, Infiniti ya 2014, alilikodi yeye. Shtaka lake kubwa lilikuwa kula njama chini ya sheria inayoitwa RICO.

RICO ilitungwa na Bunge la Marekani mwaka 1970 kwa ajili ya mafia. Tatizo lililokuwepo ni kwamba bosi wa mafia hashiki bunduki. Anatuma watu, kesi inaishia kwa waliotumwa. Sheria ikaruhusu kuunganisha makosa ya watu tofauti na kumshtaki kila aliyeshiriki kwenye mtandao. Georgia ilitunga ya kwake mwaka 1980, na ya Georgia ni pana zaidi. Ni kokoro: likipita linazoa papa na dagaa. Orodha ya vitendo vya kuonyesha njama inaweza kubeba hata mambo ambayo yenyewe si kosa kisheria. Ndiyo maana ndani ya hati ile, kando ya mauaji, mmeandikwa picha za mitandaoni, ishara za mikono, nguo na mashairi.

Mwendesha mashtaka mkuu alikuwa Fani Willis, na sheria hii anaijua vizuri. Ndiye aliyeitumia dhidi ya walimu wa shule za Atlanta waliodaiwa kubadilisha majibu ya mitihani ya wanafunzi, kesi iliyoisha 2015 kwa 11 kati ya 12 waliofika mwisho kutiwa hatiani. Ndiye pia aliyemshtaki Donald Trump kwa RICO Agosti 2023. Kwa hiyo aliyesema Willis aliamka tu siku moja na chuki dhidi ya rap, hapana. Kokoro limemzoesha kuvua hivyo.

NYIMBO KAMA USHAHIDI

Novemba 2023 Jaji Ural Glanville aliruhusu mafungu 17 ya mistari yatumike mahakamani, kwa sharti kwamba upande wa mashtaka uonyeshe kila fungu linahusiana vipi na makosa. Upande wa utetezi ulipinga kwa nguvu.

Mimi ni shabiki wa rap tangu utotoni, na hili linanigusa. Rapa anapotema kwamba ameua, mara nyingi anafanya kazi ambayo soko la muziki linamlipa aifanye. Kuna anayeisimulia mitaa aliyoiona, kuna anayejitapa, kuna anayedanganya tu ili aogopwe. Ukiwasomea mistari hiyo watu 12 wa jopo linaloamua kesi, wasiojua rap, tena kwa sauti kavu ya mwanasheria bila mdundo, kila mstari utasikika kama kukiri.

Hata hivyo sisemi nyimbo ziwekewe kinga ya moja kwa moja. Kama mtu ametaja jambo ambalo ni muuaji na polisi tu wanaolijua, silaha fulani, mahali fulani, saa fulani, huo ni ushahidi hata kama una kiitikio. Msimamo huu una mizizi kwenye sheria yenyewe. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilifuta hatia ya mtu aliyesomewa kurasa kadhaa za mashairi yake, ikasema mashairi yasitumike pasipo kiungo cha karibu na kosa lenyewe. California ilipitisha sheria Septemba 2022 inayomtaka jaji apime kwanza kama sanaa inayoletwa mbele yake itaamsha chuki kuliko kuthibitisha jambo. Bungeni Washington, mbunge Hank Johnson, tena wa hukohuko Georgia, alipeleka muswada wa aina hiyo mwaka 2022, ila haukupita.

Wakili wa Thug, Brian Steel, alijaribu kugeuza meza siku ya ufunguzi. Aliwaambia wale raia 12 kwamba "Thug" ni kifupi cha maneno yenye maana ya kuwa mnyenyekevu wa kweli chini ya Mungu. Watu walicheka duniani kote. Mimi nadhani alijua watacheka, na alichotaka ni hao 12 waone kwamba jina la rapa linaweza kubebeshwa maana yoyote unayotaka.

KESI ILIVYOVUTA

Kwa wasiojua utaratibu wa kule: kesi kama hii huamuliwa na raia 12 wa kawaida, jaji anasimamia sheria tu. Kuwapata hao 12 kulianza Januari 2023 na kukamilika Novemba. Miezi kumi! Watu waliitwa kwa mamia, wengi wakaomba kuachwa, kwa sababu nani ana ajira inayoweza kumsubiri mwaka mzima? Mwanamke mmoja aliyekosa kufika aliamriwa aandike insha ya kurasa 30 kuhusu umuhimu wa wajibu huo.

Muda wote huo Young Thug yuko ndani. Dhamana iliombwa tena na tena, ikakataliwa kila mara kwa hoja kwamba angetisha mashahidi. Juni 2022 Kevin Liles, bosi wa 300 Entertainment, alisimama kumdhamini akalia mbele ya jaji, akasema yuko tayari kuweka hela yake mwenyewe. Haikusaidia. Kwenye maombi ya Steel chumba cha mteja wake kilielezwa hivi: zege tupu, hakuna dirisha, kitanda, choo, na taa juu inayowaka saa 24. Huyu ni mtu ambaye bado hajahukumiwa kwa lolote.

Ushahidi ulianza kusikilizwa 27 Novemba 2023. Wiki mbili baadaye mshtakiwa mmoja akachomwa kisu gerezani, kesi ikasimama hadi Januari. Kati ya wale 28, wengi walishakiri au kesi zao zilishatengwa. Mbele ya raia 12 walibaki sita.

TAREHE 10 JUNI 2024

Ukiniuliza kesi ilivunjika lini, nitakutajia siku hii.

Shahidi muhimu wa serikali alikuwa Kenneth Copeland, maarufu Lil Woody. Alipewa kinga ya kutoshtakiwa ili aseme anachojua. Ijumaa tarehe 7 alipanda kizimbani akagoma kuzungumza, jaji akampeleka rumande wikiendi nzima. Jumatatu akarudi, sasa yuko tayari.

Steel akasimama. Akamwambia jaji amepata habari kwamba asubuhi ileile kulikuwa na kikao ofisini kwa jaji: jaji mwenyewe, waendesha mashtaka, shahidi na wakili wa shahidi. Upande wa utetezi haukuitwa. Akadai kwamba kama shahidi alitishwa kule ndani kuhusu muda atakaokaa gerezani, washtakiwa wana haki ya kujua.

Glanville hakujibu kama kikao kilikuwepo au la. Swali lake lilikuwa moja: nani amekwambia? Akalirudia na kulirudia. Steel akakataa kumtaja, akasema hiyo ni siri ya kazi yake ya uwakili. Jaji akampa dakika tano afikirie. Zikaisha, Steel bado kakaa kimya kuhusu jina. Maaskari wakamwendea, akavua koti na tai, akatolewa. Mteja anabaki ameketi, anamwangalia wakili wake akipelekwa mahabusu.

Jioni hukumu ikatoka: kudharau mahakama, siku 20, azitumikie wikiendi kumi. Na hapo Steel akaomba kitu ambacho mimi sijawahi kukisikia kutoka kwa wakili yeyote. Akaomba, kama ni lazima afungwe, afungwe gereza la kaunti ya Cobb alipo Young Thug, ili wikiendi hizo watumie kuandaa kesi. Jaji akakubali.

Hakulala hata usiku mmoja huko. Ndani ya siku mbili mahakama ya juu kabisa ya Georgia ilisimamisha adhabu hiyo, na Oktoba ikaifuta kabisa. Julai jaji mwingine, Rachel Krause, aliamua Glanville aondolewe kwenye kesi, kwa hoja kwamba imani ya wananchi kwa mahakama lazima ilindwe. Jaji aliyepangiwa kuipokea alijitoa mapema, kisha faili likatua kwa Paige Reese Whitaker.

Whitaker alikuja na mkono mwingine. Kila kitu kwa mpangilio, na alipoona waendesha mashtaka wanaleta ushahidi ovyoovyo aliwaambia hadharani. Oktoba wakampa shahidi asome chapisho la mtandaoni ambalo halikuwa limefutwa maneno yaliyokatazwa, akasoma hadi alama ya reli (hashtag) inayoashiria mmoja wa washtakiwa aliwahi kufungwa. Raia 12 wakasikia. Mawakili wakataka kesi nzima ifutwe. Fikiria, wakuu: karibu mwaka mzima wa ushahidi, mashahidi zaidi ya mia moja, na kila kitu kinaning'inia kwenye alama ya reli ambayo mtu hakuipitia kabla ya kumkabidhi shahidi.

HUKUMU

Kuanzia hapo washtakiwa wakaanza kukubaliana na serikali mmoja mmoja. Young Thug na waendesha mashtaka hawakuafikiana. Wao walitaka miaka 45, 25 kati ya hiyo gerezani. Tarehe 31 Oktoba 2024 akachukua uamuzi mgumu: akakiri bila makubaliano yoyote, adhabu akaiacha mikononi mwa jaji. Alikiri kosa moja la genge, matatu ya dawa na mawili ya bunduki. Kwa njama ya RICO na kosa jingine la genge alisema hapingi.

Whitaker alimpa miaka 40 kwa mpangilio huu: mitano ya kifungo, ikahesabiwa imetimia kwa muda aliokaa ndani; 15 ya kuishi nje chini ya uangalizi; na 20 inayomsubiri akivunja masharti. Usiku uleule akatoka, baada ya siku zaidi ya 900. Kwa miaka kumi ya mwanzo haruhusiwi kukaa Atlanta na vitongoji vyake, isipokuwa kwa harusi, misiba na mahafali ya ndugu wa karibu. Kila mwaka atoe mihadhara minne kwa vijana dhidi ya magenge na bunduki, na saa 100 za kazi za jamii.

Wawili waliobaki waligoma kukiri, wakasubiri raia 12. Tarehe 3 Desemba 2024 wote wakaachiwa kwenye mashtaka ya mauaji na njama. Yak Gotti alitoka safi kabisa, mwenzake alikutwa na hatia ya kumiliki bunduki tu. Kwa maana hiyo, kwa kifo cha Donovan Thomas, kile kilichowekwa katikati ya kesi ndefu kuliko zote katika historia ya Georgia, jopo hilo halikumtia mtu yeyote hatiani kwa mauaji. Mtu alipigwa risasi mtaani Januari 2015, na hili ndilo linaloniuma kuliko masaibu ya rapa yeyote.

KUHUSU GUNNA

Kuna mdau hapa chini kaandika "Gunna alichoma wenzake, mwisho wa habari". Hapana mkuu, ngoja tuweke sawa.

Gunna, rapa wa YSL aliyekuwa mmoja wa wale 28, alitoka gerezani 14 Desemba 2022, kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Alikiri kwa mtindo unaoitwa Alford, ambapo unakubali kuhesabiwa mwenye hatia kwa kuwa ni nafuu kwako, huku ukishikilia kwamba hukutenda. Alipewa miaka mitano, mmoja ukahesabiwa umetimia, iliyobaki ikasimamishwa, pamoja na saa 500 za kazi za jamii. Kilichomponza ni video: mwendesha mashtaka anamsomea maneno kwamba YSL ni lebo na pia ni genge, yeye anaitikia. Mtaa ukaamua palepale. Marapa waliokuwa wanagombania kolabo naye wakamkimbia.

Lakini alitangaza siku ileile kwamba hakukubali kutoa ushahidi dhidi ya yeyote, na kesi yote iliisha bila yeye kupanda kizimbani kumtaja mtu. Sentensi aliyoitikia haikumfunga hata mtu mmoja. Na Young Thug mwenyewe mwishowe alikiri kosa la genge. Sasa tupime kwa mizani moja: kama aliyetangulia ni msaliti kwa kukubali YSL ina sura ya genge, aliyefuata tumwiteje? Mimi simwiti yeyote msaliti. Walikuwa watu wawili ndani ya zege, kila mmoja akatafuta mlango wake. Albamu aliyoitoa Gunna Juni 2023, a Gift & a Curse, ilifanya vizuri bila kolabo hata moja, na hiyo inatosha kuwa jibu lake.

Mwaka 2025 mambo yaligeuka. Mazungumzo ya simu ya Young Thug akiwa gerezani yalivuja, akisikika akiwasema vibaya wasanii wenzake, na mtu aliyekuwa anahukumu uaminifu wa wengine akajikuta anahukumiwa yeye. Kabla ya albamu yake ya UY Scuti, Septemba mwaka huo, alitoa wimbo mzima wa kuwaomba radhi watu kwa majina, akiwemo mpenzi wake Mariah the Scientist.

Mkuu aliyeuliza kama anaweza kurudishwa ndani: ndiyo, na walishajaribu. Aprili 2025 aliandika mtandaoni maneno makali kuhusu mpelelezi mmoja wa ofisi ya Willis. Waendesha mashtaka wakakimbilia kwa Whitaker, wakidai amevunja masharti. Whitaker akakataa ombi lao, ila upande wa utetezi ukaambiwa mteja awe mwangalifu na anachoandika. Ile miaka 20 bado ipo kwenye faili, na uangalizi hauishi hadi 2039, labda mahakama iufupishe.

Maswali yaleteni, nikiwa na jibu la uhakika nitajibu. Na mwenye mtazamo tofauti kuhusu mashairi kutumika kama ushahidi auweke hapa, hasa wanasheria.